Makayabu ya Maman Huko Pushkar

Juzi nilikwenda kwenye usaili wa kazi nikiwa nimevaa koti la sufu, na mvua ikaninyeshea kuanzia kituo cha metro hadi mlangoni. Waliniketisha katika chumba cha kusubiri, karibu na kipasha joto, na baada ya muda mfupi koti likaanza kutoa mvuke na harufu. Niliamini watu wote mle ndani wanaisikia. Nikahamia kiti cha mbali. Kisha nikawaza kwamba kuhama kwangu kumewaonyesha kuwa harufu ni yangu, nikarudi nilipokuwa. Ndivyo nilivyo. Nimemaliza chuo, nina shahada imefungwa kwenye bahasha nzuri, na bado naweza kuumia kichwa kwa kuchagua kiti.

Lakini nilipoinamisha pua kwenye mkono wa koti ili nipime ukubwa wa aibu yangu, sikukuta aibu. Nilikuta ngamia. Sufu iliyolowa, moshi, jasho, kitu kama majani makavu yaliyotafunwa na kurudishwa. Mara nikawa si mwombaji kazi wa Brussels tena. Nilikuwa mtoto, nimesimama kwenye mchanga wa Rajasthan, huko India, asubuhi ile nilipoamini kwamba nimempoteza papa.

Wakati huo tulikaa mtaa wa Saint-Gilles, hapa Brussels, ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba na vyumba, kila mlango na harufu yake ya chakula. Papa alitoka Masisi, kwenye vilima vya kijani vya Kivu, na huko alikuwa mtu wa ng'ombe. Mimi sikuwahi kuwaona. Nilichojua ni kwamba vita viliwachukua wote kwa siku moja kabla sijazaliwa, na kwamba nyumbani kwetu neno ng'ombe halikutajwa, kama vile katika nyumba nyingine lisivyotajwa jina la marehemu. Asubuhi alisafisha ofisi za watu. Akirudi aliketi kwenye kiti cha dirishani na kutazama barabara. Hakuwa mkali. Alikuwa tu hayupo, kwa namna ambayo mtu anaweza kutokuwepo huku chai yake inapoa mbele yake. Na chai hiyo ilikuwa ya rangi siku zote. Niliwahi kumuuliza kwa nini hanywi maziwa, akajibu, "Ile ya boîte haina mwenyewe." Nilikwenda kulala nikiyawaza maziwa yale ya dukani, yanayozunguka dunia bila mwenyewe.

Mtu pekee aliyemfanya aseme zaidi ya sentensi moja alikuwa Tonton Harji, mjomba wa kuitwa tu, jirani yetu wa chini, mpishi katika mkahawa mmoja karibu na stesheni ya Gare du Midi. Alikuwa Mhindi kutoka ukoo wa wafuga ngamia. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kama cha papa, lakini ubovu wa aina nyingine, kwa hiyo walielewana vizuri sana. Jioni za kiangazi waliketi kwenye ngazi za mlango wa mbele wakichorana wanyama hewani kwa mikono: pembe hivi, nundu vile, kiwele namna hii.

"Wewe kuja kwetu," Tonton Harji alimwambia siku moja. "Fête kubwa. Ngamia, ngamia, ngamia!"

Alitueleza kwamba kila mwaka, mwezi wao fulani ukifika mpevu, Wahindu huenda kuoga katika ziwa takatifu la Pushkar, na wafugaji hushusha mifugo yao kwenye mchanga nje ya mji. Upande mmoja ibada, upande mwingine mnada. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kumpeleka mama yake mzee akaoge. Papa alitikisa kichwa akarudi dirishani. Lakini maman alisikia. Alikuwa kwenye likelemba ya wamama wa kanisani, ule mchango unaozunguka kwa zamu, na zamu yake ilipofika, friji aliyokuwa akiisema mwaka mzima hakuinunua. Alinunua tiketi.

Hapo ndipo kosa langu la kufikiri lilipoanza. Nilimsikia maman akiongea kwenye simu na dada yake aliyeko Goma. "Ule muntu anakufa hapa na macho wazi," alisema. "Hii Ulaya haimufae. Bon, minamupeleka kule kwenye kuko mifugo." Jioni ile nikamwona akipanga sanduku. Mimi aliniwekea nguo chache. Yeye mwenyewe, vitenge viwili. Papa, alimwekea mabuti yake ya mpira, yale ya Masisi, ambayo Brussels hakuwahi kuyavaa hata siku moja. Kwa nini mtu anayekwenda kutembea abebe mabuti ya kazi? Darasani kwetu kulikuwa na msichana ambaye baba yake alibeba sanduku akaenda Liège, na hakurudi. Nikaunganisha. Tunampeleka papa kwa ngamia, na tutamwacha huko, kama watu wanavyompeleka mbwa mzee kwa wenye bustani.

Sikumuuliza mtu. Mtoto mwenye wasiwasi haulizi, kwa sababu jibu linaweza kuwa ndiyo. Badala yake niliamua nisimwachie papa hata kidogo. Kwenye ndege nilishika mkono wa shati lake mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye treni alipokwenda chooni, nilisimama nje ya mlango na kusikiliza. "Unataka nini hapa?" aliniuliza alipotoka. "Hakuna," nikasema, nikamfuata hadi kitini.

Jangwa halikuwa kama nilivyolichora shuleni. Nilitarajia mchanga mtupu. Nikakuta vichaka vya miiba, mbuzi, mashamba ya waridi, ndiyo, waridi katikati ya ukame, na barabara iliyojaa watu waliotembea kuelekea upande mmoja. Wanawake walivaa rangi ya machungwa na nyekundu na waliimba huku wamebeba mizigo kichwani. Wanaume walifunga vilemba vikubwa kama mito ya kulalia. Kisha gari likapanda kilima kidogo, na chini yake uwanda wote ulikuwa ngamia. Shingo juu ya shingo, hadi macho yanapoishia, na moshi wa mavi makavu yanayochomwa, na kelele ile ya ngamia, ambayo ni kama mtu mzima anayesukutua koo kwa hasira. Papa aliomba gari lisimame. Alishuka akasimama na mikono nyuma. Mimi nilishuka nikasimama mbele yake, nimkinge asiendelee.

Tulipewa chumba mjini, katika nyumba ya wageni yenye ua mdogo ambako Tonton Harji na mama yake walikuwa wamefikia pia. Maman alifungua sanduku jingine, lile zito ambalo hakutaka mtu alibebe. Harufu ikatoka kwanza, samaki wakafuata. Makayabu. Samaki wa chumvi, wazima wazima, wamefungwa kwenye magazeti, pamoja na pondu, yaani kisamvu, iliyokaushwa na mafuta ya mawese. Mkongo hasafiri kwenda asikokujua bila chakula chake, na maman alikuwa amesafiri.

Mwenye nyumba alitokea mlangoni akiwa ameziba pua kwa upindo wa vazi lake. Nyuma yake akaja Tonton Harji, mbio, sura imekauka.

"Maman! C'est quoi, ça?"

"Ni makayabu tu. Mutoto atakula nini?"

"Hapa hapana samaki! Hapana nyama, hapana yai. Mji mzima. Mji wa Mungu!"

"Mungu gani anakataa makayabu?" maman akasema, amejishika kiuno. "Yesu mwenyewe alichoma samaki kando ya ziwa. Tena asubuhi mapema."

"Ziwa ingine, Maman," alisema Tonton Harji, karibu kulia. "Ziwa ingine."

Mwenye nyumba alisema maneno mengi. Hatukuyaelewa na tuliyaelewa. Hapo papa, ambaye alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, akasimama, akafunga magazeti upya, akayatia kwenye mfuko na kuufunga fundo. "Nitaitoa," alisema. "Kesho mapema, mbele watu hawajaamuka." Maman akalifunga sanduku, na kwa maman hiyo ndiyo ilikuwa toba.

Mimi sikulala vizuri. Nilijua kwamba kosa kubwa halimalizwi kwa kuomba radhi tu. Tumeingiza samaki katika mji usiokula samaki, mbele ya ziwa lenyewe. Lazima kuna kitu kitadaiwa. Na kati yetu watatu, ni nani aliyekuwa ameshapangiwa kubaki?

Nilipofungua macho, dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Kitanda cha papa kilikuwa kitupu. Mfuko haukuwepo. Mabuti hayakuwepo. Nilielewa kila kitu, yaani sikuelewa chochote. Maman alikuwa anakoroma polepole kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Uani nilimkuta mama yake Tonton Harji. Alikuwa kikongwe mwembamba mwenye bangili nyeupe kuanzia kiwiko cha mkono mpaka karibu na bega, na alishika chombo cha shaba. Aliniuliza kitu kwa lugha yake. Nikamjibu kwa yangu: "Papa yangu ameenda." Alinitazama, akatikisa kichwa kwa namna yao ile ambayo si ndiyo wala si hapana, akanishika mkono, tukatoka.

Alinipeleka ziwani. Ngazi za mawe zilishuka pande zote mpaka majini, na juu ya ngazi hizo kulikuwa na watu wengi kuliko niliowahi kuwaona kanisani, sokoni na uwanja wa ndege ukiwaweka pamoja. Kengele zililia. Taa ndogo ndogo zilielea ndani ya vikombe vya majani, zikasukumana na petali za waridi. Watu waliingia majini na nguo zao, wakazama, wakaibuka wakihema kwa baridi. Mimi niliamini kwamba kikongwe amenileta kunionyesha mahali papa alipochukuliwa. Nikawa naangalia kila kichwa cha mwanamume kinachoibuka. Huyu si yeye. Huyu si yeye. Kikongwe naye akashuka, akazama, na alipopanda alikuwa anatetemeka na kucheka, meno machache, uso mpya kabisa. Alilowesha kiganja akanipangusa usoni. Nilifikiri hizo ndizo pole zao. Nikalia kwa sauti.

Alinishangaa. Akanifuta kwa nguo yake iliyolowa, jambo ambalo halikusaidia, akaninong'oneza kitu, kisha akanivuta tena, safari hii kupanda, kupita vichochoro vya wauza shanga na maua, mpaka mji ukaisha na mchanga ukaanza.

Harufu ilikuja kabla ya kitu kingine. Sufu yenye umande, moshi, majani yaliyotafunwa. Kisha nikaona kilemba cha Tonton Harji, kilemba cha kaka yake aliyekuwa ameshusha ngamia wake huko, na kati ya vilemba viwili kofia ya papa, ile ya kuzuia baridi ya Brussels. Nilimwachia kikongwe mkono, akaenda kwa wanawe, nami nikajificha nyuma ya mkokoteni. Sijui kwa nini sikukimbia kumkumbatia. Nadhani nilitaka kwanza kuona kama bado ni wetu.

Kaka yake Tonton Harji alikuwa anakamua ngamia. Alisimama kwa mguu mmoja, mguu mwingine ameukunja na juu ya goti lake kuna bakuli, na maziwa yalipiga bakuli mpaka povu likapanda. Alikunja jani pana la kichakani likawa kikombe, akajaza, akampa papa kwa mikono miwili. Papa alipokea. Aliyatazama maziwa yale kwa muda mrefu. Wale wengine wawili walikuwa wameshaanza kunywa wamesimama, kama desturi yao. Papa akavua kofia yake. Akaketi chini kwenye mchanga, magoti pamoja, mgongo umenyooka.

"Kwetu maziwa hawakunywe na kusimama," alisema kwa Kiswahili, bila kumwambia mtu.

Tonton Harji hakuelewa neno, lakini aliketi. Kaka yake akamtazama, akaketi naye. Kikongwe, nguo bado zinachuruzika, akaketi. Na mimi nyuma ya mkokoteni nikaketi. Papa akanywa. Alifumba macho, povu likabaki kwenye sharubu, na kwa muda huo ilikuwa kama uwanda mzima umepunguza sauti.

Hapo ngamia yule aliyekamuliwa akashusha shingo yake ndefu, akamnusa papa utosini kwa utulivu, na akampiga chafya. Si chafya ya kawaida. Ilikuja na majani, kijani, mengi, kichwani, shingoni, ndani ya kola.

Kisha papa akatoa sauti. Kwanza nilidhani amekabwa. Mabega yalipanda na kushuka, sauti ikakatika, ikarudi kubwa zaidi, na ndipo nikaelewa kwamba anacheka. Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko cha papa. Kilikuwa kinene, na mwishoni kilipanda juu kidogo kama cha msichana. "Weye!" alimwambia ngamia huku anajipangusa. "Uko na shingo ya girafe na roho ya mama-mukwe! Muntu anakunywa kwako, na weye unamutemea?"

Lingekuwa jambo la kufurahi. Lakini mimi nilihesabu kivyangu: akicheka hapa na nyumbani hacheki, basi yamekwisha, atabaki. Nikatoka nyuma ya mkokoteni.

"Papa, usibakie."

Aligeuka. "Ah! Weye ulifika vipi hapa? Maman yako iko wapi?"

"Usibakie na ngamia. Maman alisema Ulaya haikufae. Na ulileta mabuti."

Aliyatazama mabuti yake kana kwamba yamemsaliti. "Njo maana ulikuwa unanishika mpaka kwenye mulango ya choo?"

Nilikubali kwa kichwa. Tonton Harji aliuliza mtoto anasema nini. Papa akamweleza kwa Kifaransa chake, Tonton Harji akamweleza kaka yake, na kaka yake akashika tumbo.

"Kaka anasema hapana!" Tonton Harji akatangaza. "Papa kubaki, hapana. Papa hajui ngamia. Siku mbili tu, ngamia wote wamekimbia."

"Unasikia?" papa akaniambia. "Hata kazi wamenikatalia." Lakini aliona kwamba mimi sicheki. Akanivuta nikaketi mbele yake, mchangani. "Sikia, maman yangu," alisema, kama kwetu wanavyomwita binti. "Muchungaji habakie mahali kwenye hana ngombe yake."

"Ngombe yako iliisha."

Neno lilikuwa limetoka. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili na kungoja dirisha, kiti, ule ukimya wake. Papa alishika mchanga, akauacha umwagike katikati ya vidole.

"Iliisha," alisema. "Ilibakia moja. Ile yenye iko hapa na makamasi, na inafikiria mingi sana."

Maman aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu mume wake asimame tena mahali penye harufu anayoijua, basi, aone itakuwaje. Na mabuti aliyaweka kwa sababu alidhani jangwani kuna nyoka. Alicheka mpaka akalia nilipomweleza ushahidi wangu wote. Na sitaki kudanganya: papa hakupona asubuhi ile. Kiti cha dirishani hakikuondoka. Kuna majira ya baridi ambayo alirudi kukikalia kwa wiki nzima, nami nikapita nyuma yake kwa vidole vya miguu. Lakini alianza kutoka. Siku hizi Jumamosi huenda ukingoni mwa Anderlecht, ambako bado kuna malisho, na kumsaidia mzee mmoja Mbelgiji mwenye ng'ombe wachache. Akirudi analalamika kwamba ng'ombe wa huku hawana adabu, hawajui kuitwa. Analalamika kwa dakika nyingi. Maman na mimi tunasikiliza kila neno.

Nikiwa na wasiwasi, yaani mara nyingi, huwa najaribu kukumbuka jinsi tulivyorudi mjini siku ile. Jua lilikuwa limepanda na mahujaji walikuwa wanatukuta njiani kwa mamia, nywele zimelowa, nyuso zinang'aa. Makayabu papa alikuwa ameyazika mbali chini ya kichaka cha miiba, na mbwa mmoja alikuwa anatufuata kwa matumaini. Brussels papa alitembea mbele siku zote, kichwa chini, nami nikaukimbilia mgongo wake kati ya makoti ya watu. Pale alinisimamisha. "Tangulia," alisema. "Ngombe inaenda mbele. Muchungaji anakuya nyuma, ili aone yote."

Nikatangulia. Nyuma yangu alianza kutaja majina ya ng'ombe wake wa Masisi, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia alichonunua sokoni: Bihogo, mwekundu wa giza, aliyekataa kuvuka mto, Gaju, aliyependa chumvi kutoka kwenye kiganja, wengine ambao nimewasahau. Kila nilipopotea kidogo upande wa wauza shanga alipiga ulimi kwenye kaakaa, mlio mfupi, nikarudi njiani. Umati ulikuwa mkubwa, na mtu yeyote angeweza kupotea mle. Sikugeuka nyuma hata mara moja.